BEGA LIKIUMIA: JINSI YA KULISHIKILIA NA KULITUNZA MPAKA LIPONE

Ndugu wasomaji, wakimbizi wenzangu wa Nakivale,

Mara hii tumechagua kuzungumza juu ya bega. Hapa kambini tunaishi kwa nguvu za mikono: tunalima, tunabeba jerikeni za maji, tunatafuta kuni, tunabeba watoto mgongoni. Mtu akiumia bega, nyumba nzima inaumia. Sisi watu wa VHT tunapotembelea nyumba kwa nyumba tunakuta wengi walioanguka na boda boda, na baiskeli, au kwenye utelezi wakati wa mvua. Wengine wamepona vizuri. Wengine wamebaki na mkono usioinuka, na mara nyingi tofauti haikutoka kwenye ajali yenyewe. Ilitokana na yale yaliyofanyika saa za kwanza, na baadaye jinsi mkono ulivyotunzwa.

Nianze na jirani yangu, kijana wa miaka kama 30. Alianguka na baiskeli akiwa amebeba mkungu wa matoke, akaangukia mkono. Bega lilichomoka. Ndugu zake walimwita mzee anayevuta mifupa. Mzee alimvuta mkono, akamkanda kwa majani ya moto, akamfunga. Maumivu yalipungua kidogo, wakasema anapona. Baada ya wiki tano bado alikuwa hawezi kupeleka mkono mdomoni. Ndipo alipofika kituo cha afya, akatumwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, akapigwa picha. Mfupa ulikuwa bado uko nje ya mahali pake. Kwa kuwa siku zilikuwa nyingi, haukuweza kurudishwa kwa mkono tena, ikabidi afanyiwe upasuaji. Leo mkono wake unafika kifuani tu. Jembe analishika, lakini hawezi kuliinua. Ameniruhusu niwaeleze habari yake bila kutaja jina, ili mwingine asipatwe na hayo.

BEGA LIMEUNDWAJE?

Bega lina mifupa mitatu inayokutana: mtulinga (ule mfupa unaouona chini ya shingo kwa mbele), kombe la bega (mfupa mpana wa mgongoni), na mfupa wa juu wa mkono. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo kama mpira. Kinakaa kwenye kijishimo kidogo cha kombe la bega, kijishimo ambacho hakina kina. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Na ndiyo maana pia bega huchomoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa. Kinacholishikilia zaidi ni misuli, kano na mfuko wa kiungo. Karibu na hapo, ndani ya kwapa, inapita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayoenda mpaka vidoleni.

MAUMIVU YA BEGA NI YA AINA GANI?

1. Bega kuchomoka. Mara nyingi mfupa hutoka kwa mbele. Bega hupoteza umbo la mviringo, linaonekana kama lina pembe. Mgonjwa anaushika mkono wake ukiwa mbali kidogo na mwili, na hawezi kugusa bega la upande wa pili.

2. Mtulinga kuvunjika. Kuna uvimbe na maumivu mbele ya bega, mara nyingine unaona mfupa umeinuka chini ya ngozi. Mgonjwa anainamisha kichwa upande wa maumivu.

3. Mfupa wa juu wa mkono kuvunjika karibu na bega. Hutokea sana kwa wazee wetu wanaoanguka. Baada ya siku chache weusi wa damu unaweza kushuka mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ni damu ya mahali palipovunjika inayoteremka chini ya ngozi, haikuletwa na mchawi.

4. Misuli au kano kuchanika. Bega linaonekana la kawaida, lakini mgonjwa hawezi kuinua mkono mwenyewe.

Kwa macho tu huwezi kujua yote. Kuna bega lililochomoka na kuvunjika kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo tunasema: usivute.

KWA NINI TUNASEMA USIVUTE?

Wazee wengi wanaovuta mifupa wana nia njema, na watu wanawaamini kwa sababu wako karibu na hawana foleni. Hatuandiki haya ili kuwadharau. Lakini mtu anayevuta bila picha hajui kama kuna mfupa uliovunjika. Akivuta, kipande cha mfupa kinaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu, na mkono ukafa ganzi au ukapooza. Hospitalini nako bega hurudishwa kwa mkono, lakini mgonjwa hupewa kwanza dawa ya maumivu ili misuli ilegee, mishipa yake hupimwa kabla na baada, na mkono huongozwa polepole.

Jambo lingine ni muda. Bega lililochomoka hurudi kwa urahisi zaidi siku ile ile. Likikaa wiki tatu au zaidi, nyama zinajikaza na kijishimo kinaanza kujaa, na kulirudisha bila upasuaji kunakuwa kugumu sana.

Tunawaomba wazee wanaounga mifupa wafanye kazi pamoja nasi. Mtu akija kwako na bega lililobadilika umbo, mfungie mkono wake vizuri, halafu mtume kituoni. Hapo utakuwa umemtibu.

HUDUMA YA KWANZA NYUMBANI AU BARABARANI

- Mkalishe mgonjwa. Mwambie ashike mkono ulioumia kwa mkono wake mzima. Mara nyingi mwenyewe ameshapata namna isiyouma sana, mwache abaki hivyo.
- Mvue pete, bangili na saa upande huo haraka, kabla vidole havijavimba.
- Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya bega, kama dakika 15, kupunguza uvimbe. Usiweke majani ya moto wala kukanda siku za kwanza.
- Akiwa na bega lililobadilika umbo, asile wala kunywa mpaka aonwe na mganga, kwa sababu huenda akapewa dawa ya usingizi.
- Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi. Kama damu inatoka nyingi, kandamiza.
- Funga mkono kama tunavyoeleza hapa chini, kisha mwite VHT wa kijiji chako ili asaidie kupata usafiri. Kumpandisha kwenye boda boda katika barabara yenye mashimo kunaongeza maumivu na madhara. Kama hakuna njia nyingine, mtu wa pili akae nyuma yake kumshikilia, na dereva aende polepole.

JINSI YA KUFUNGA MKONO KWA KITENGE

Huhitaji kitu cha kununua. Chukua kitambaa safi cha mita moja kwa mita moja, kitenge au kipande cha shuka. Kikunje kutoka pembe hadi pembe ili kiwe cha pembe tatu.

1. Mkono wa chini uwe umekunjwa mbele ya tumbo, na kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko.
2. Pitisha kitambaa taratibu kati ya mkono na kifua. Upande mrefu usimame wima upande wa mkono mzima, na pembe ya katikati ielekee kwenye kiwiko cha mkono ulioumia.
3. Ncha ya juu ipite juu ya bega zima, izunguke nyuma ya shingo.
4. Ncha ya chini iinuliwe, ifunike mkono, ikutane na ile ya juu.
5. Funga fundo pembeni mwa shingo. Lisikae juu ya mfupa wa nyuma wa shingo, linaumiza. Kama ni mtulinga uliovunjika, fundo liwe upande mzima. Weka kitambaa laini chini ya fundo.
6. Pembe iliyobaki kwenye kiwiko ikunje kwa mbele, uibane kwa pini. Hiyo ndiyo inayozuia kiwiko kutoka.
7. Vidole vyote vionekane nje.
8. Chukua kitambaa cha pili, kikunje kiwe mkanda mpana, ukizungushe kifuani juu ya mkono, ukifunge upande mzima. Sasa mkono hautacheza mgonjwa akitembea. Kisibane mpaka akashindwa kuvuta pumzi.

Fikiria mama anavyombeba mtoto mgongoni: kitambaa kikilegea mtoto anateleza, kikibana sana analia. Mkono nao ni hivyo hivyo. Uzito wake ubebwe na kitambaa, misuli ya bega ipumzike.

Kuna hali mbili ambazo ni tofauti:

Kama bega limechomoka na mkono hautaki kusogea kifuani, usiulazimishe. Weka nguo iliyokunjwa au mto mdogo kati ya mkono na mwili, ujaze nafasi, kisha funga mkono ukiwa hapo hapo ulipo.

Kama mfupa wa juu wa mkono umevunjika, mganga anaweza kukufunga kwa kitanzi kinachoshika kifundo cha mkono na shingo tu, na kiwiko kikabaki kinaning'inia. Watu wengine nyumbani huona kama amesahau, wakaongeza kitambaa chini ya kiwiko. Msifanye hivyo. Uzito wa mkono wenyewe ndio unaonyoosha mfupa.

Ukimaliza kufunga, pima damu: bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Rudia kila dakika kumi mpaka mfike kituoni. Kama vidole vimekuwa baridi, vimekuwa vyeupe au vya bluu, au vimekufa ganzi, legeza kitambaa mara moja.

MKONO UKAE KATIKA KITAMBAA MUDA GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, na wanakosea kwa njia mbili.

Wengine wanatoa mapema. Maumivu yakiisha siku ya tano, siku ya mgao inafika, mtu anabeba gunia. Kutoisikia tena maumivu si kupona. Kijana ambaye bega lake limechomoka mara moja, linaweza kuchomoka tena na tena, mpaka anafikia kuchomoka kwa kuvaa shati tu.

Wengine wanakaa mno. Mama mmoja wa kijiji chetu alivunjika mtulinga. Alikuwa mtiifu kweli kweli. Alifunga mkono miezi mitatu bila kuusogeza hata usiku. Mfupa uliunga vizuri, lakini bega lilikuwa limekauka kama bawaba yenye kutu. Aliniambia: "Mwanangu, niliogopa kuuvunja tena." Hakuna aliyemwambia kwamba kuna wakati wa kufunga na kuna wakati wa kufungua. Alihitaji miezi mingi ya mazoezi ndipo akaweza tena kujifunga kilemba. Bega hukauka haraka zaidi kwa wenye umri mkubwa na kwa wenye ugonjwa wa kisukari.

Kwa kawaida muda ni huu, lakini anayeamua ni mganga aliyekuona:

- Bega lililochomoka na kurudishwa: wiki moja hadi tatu. Kwa waliozidi miaka 40, mara nyingi kama wiki moja, kwa sababu bega lao hukauka haraka. Hao hao ndio wanaochanika kano zaidi, kwa hiyo ambaye bado hawezi kuinua mkono arudi kupimwa.
- Mtulinga uliovunjika: kwa mtu mzima wiki mbili hadi sita, kwa mtoto kama wiki tatu. Zamani walifunga mabega yote mawili kwa nyuma kwa umbo la nane. Siku hizi imeonekana kitambaa cha kawaida kinatosha na hakisumbui hivyo.
- Mfupa wa juu wa mkono karibu na bega: kama wiki mbili au tatu, kisha mazoezi mepesi yanaanza.
- Upasuaji wa kushona kano: mara nyingi wiki nne hadi sita.

Uliza maswali manne kabla hujatoka hospitali: Nifunge mpaka tarehe ngapi? Naruhusiwa kukitoa kitambaa wakati gani? Mazoezi naanza lini? Nirudi lini? Kama hujui kusoma, mwombe mhudumu aandike, utuletee VHT tukusomee.

MAZOEZI

Kuanzia siku ya kwanza, hata mkono ukiwa umefungwa: kunja na kunjua vidole, kama unakamua nguo, mara kumi. Zungusha kifundo cha mkono. Ukiruhusiwa, toa mkono kwenye kitambaa, nyoosha kiwiko na kukikunja. Fanya hivyo mara nne au tano kwa siku. Vidole visivyosogea vinavimba na kukakamaa hata kama havikuumia.

Mganga akisema wakati wa bega umefika: simama, shika meza au kiti kwa mkono mzima, inama mbele, acha mkono ulioumia uning'inie wenyewe. Uyumbishe mwili ili mkono uende mbele na nyuma, kisha uzunguke duara dogo. Misuli ya bega isivute. Anza na dakika moja, ongeza kila siku. Kuvutwa kidogo ni kawaida. Maumivu makali maana yake simama.

Baadaye unapandisha vidole ukutani kama mdudu anayepanda. Weka alama ya mkaa pale unapofika leo, wiki ijayo utaona umepita.

KULALA, KUOGA NA KUVAA

Kulala: lala chali, mgongo umeinuliwa kwa nguo au blanketi zilizokunjwa. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma. Usilalie upande ulioumia.

Kuoga: ukiruhusiwa kutoa kitambaa, inama kidogo upande huo, mkono uning'inie mbali na mwili. Osha kwapa, kausha vizuri, kisha weka kitambaa laini kikavu kwapani kabla ya kufunga tena. Jasho likikaa huko linaleta vidonda. Uwe na vitenge viwili, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kiwe mwilini.

Kuvaa: mkono ulioumia unaingia kwanza kwenye nguo, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Shati la vifungo ni rahisi kuliko fulana.

WALIOFANYIWA UPASUAJI

Acha bandeji ikiwa kavu, usiifungue kuona. Maliza dawa zote ulizopewa, usimgawie jirani. Kama ulichomwa sindano ya ganzi shingoni au begani, mkono unaweza kuwa mzito mpaka kesho yake. Wakati huo hujisikii ukiungua, kwa hiyo kaa mbali na jiko. Ganzi ikizidi muda ulioambiwa, rudi.

WATOTO

Mtoto mchanga asiyesogeza mkono mmoja tangu kuzaliwa anaweza kuwa amevunjika mtulinga wakati wa kutoka. Mara nyingi huunga haraka, lakini apelekwe apimwe, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo huumia wakati huo. Mtoto mkubwa asiyetaka kutumia mkono, usimpige ukidhani ni uvivu. Mlete.

Na jambo moja tuliseme wazi. Wengine hawakuanguka. Walivutwa au walipigwa nyumbani. Mama, dada, au yeyote aliyepatwa na hayo, unaweza kumwambia mhudumu wa kituo faraghani. Bega litatibiwa, na unaweza kuelekezwa kwa wanaoweza kukusaidia kuwa salama.

DALILI ZA HATARI: NENDA KITUONI HARAKA, HATA USIKU

- Vidole baridi, vyeupe, vya bluu au visivyosogea.
- Ganzi sehemu ya nje ya bega au mkononi.
- Bega limebadilika umbo, au mfupa unatokeza kwenye ngozi.
- Kupumua kwa shida au kutema damu baada ya ajali.
- Kupoteza fahamu, kutapika au kuchanganyikiwa baada ya kugonga kichwa.
- Homa, usaha, harufu mbaya au wekundu unaoenea kwenye kidonda.
- Maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua.

NENO KWA MAJIRANI

Mtu hatoi kitambaa mapema kwa sababu ni mkaidi. Anakitoa kwa sababu maji yameisha ndani na watoto wana njaa. Yule mama aliyefunga mkono miezi mitatu aliweza kwa sababu majirani zake, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, walipangana zamu: leo huyu anachota jerikeni mbili, kesho yule anapasua kuni. Alikosa maelezo tu, msaada hakuukosa. Jirani yangu wa baiskeli aliishi peke yake.

Kwa hiyo ukiona mtu amefunga mkono, usimpe pole tu ukapita. Muulize nani anamchotea maji. Siku ya mgao, mbebee gunia. Wiki tatu za kusaidiana ni chache kuliko maisha yote na mkono usioinuka.

TUKUMBUKE:
1. Usivute, usikande. Funga, kisha mpeleke.
2. Siku ile ile ni bora kuliko kesho.
3. Vidole vionekane, vipimwe.
4. Fungua kwa tarehe, si kwa kuona maumivu yameisha.
5. Vidole na kifundo vifanye mazoezi tangu siku ya kwanza.

Mwenye swali amwone VHT wa kijiji chake. Tunapita kila nyumba, na hatuchoki kuulizwa.

Msomeeni asiyejua kusoma.